Kwaresima Mama Mkwe Aliponyamaza

22 Februari, Jumatano ya Majivu

Mwalimu Graciela, anayemfundisha mwanangu kusema huko hospitali, amenitaka niandike kila siku Liz anachosikia na anachosema. Haya basi, naandika. Amesikia: ndoo ikianguka. Amesema: hakuna.

Tumerudi kutoka Asunción jioni, miguu imevimba. Mwalimu alikuwa mpole, ila alichoniambia hakikuwa chepesi. Liz anakaribia miaka minne, kifaa chake cha kusikia kimewashwa tangu Agosti, na neno hata moja bado. Wenzake waliowashiwa mwezi mmoja naye wanaomba maji, wanaita mama. "Nyumbani mnazungumza nini?" akaniuliza. Nikasema kweli. Mimi na mume wangu Isidro tunachanganya Kihispania na Kiguarani kama kila mtu. Mama mkwe ni Kiguarani kitupu, Kihispania chake kinaishia kwenye salamu na bei ya chipa, mikate yake ya muhogo na jibini.

"Mpeni lugha moja," akasema. "Kihispania, lugha ya shule. Kichwa chake kina kazi kubwa, msikitwike mizigo miwili."

Jumanne baada ya Pasaka atampima. Pasipokuwa na neno, itabidi tuzungumze habari ya shule ya bweni ya watoto viziwi, huko huko Asunción. Nyumbani wanarudi mwisho wa mwezi. Sina ubaya na shule ile, watoto wake nimewaona, wanacheka na mikono yao inasema kuliko midomo yetu. Lakini huyu wangu bado analala akiwa ameshika sikio langu. Nitampelekaje bweni?

Isidro ndiye aliyempa mama yake habari. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mimi niwe bubu ndani ya nyumba yangu?"

"Si bubu, Mama. Mbele ya mtoto tu."

"Na mtoto yuko wapi ambapo mimi sipo?"

Isidro akanitazama mimi. Mimi nikatazama maharage.

23 Februari

Nimesahau kueleza kifaa. Daktari aliyempasua alituchorea: ndani kabisa ya sikio mna kitu kimejiviringa kama konokono, na humo ndimo walimopitisha uzi. Kipande cha nje kinakaa nyuma ya sikio na kunata kichwani kwa sumaku. Hicho cha nje ndicho tunachokiita konokono. Konokono akitoka, Liz hasikii hata radi.

27 Februari

Upepo wa kaskazini tangu asubuhi. Joto la kumtoa mtu akili. Liz kimya.

3 Machi

Ña Blasida, jirani yetu, alikuja langoni akipiga kelele zake za kila siku kwa Kiguarani, nani kafumaniwa na nani kafiwa. Nikatoka mbio. "Kihispania, Ña Blasida, tafadhali, mtoto anasikia!"

"Ebo! Tangu lini hapa pamekuwa ubalozi?"

Akaenda zake akicheka. Najua watu wanasema najitia mzungu. Na waseme. Mimi darasa la pili nilipigishwa magoti juu ya chumvi ya mawe kwa sababu niliomba maji kwa Kiguarani. Mwanangu hapigi magoti popote.

6 Machi

Nimemwonyesha Liz maji, mkate, mpira, paka. Nimesema kila kimoja kwa Kihispania mpaka koo limekauka. Ananitazama mdomo kama mtu anayesubiri basi. Hakuna.

10 Machi

Upepo wa kaskazini. Hakuna.

14 Machi

Leo nimegombana na mama mkwe.

Niliamka jogoo akiwika, nikakuta nafasi ya Liz kitandani tupu. Nikasikia kicheko nyuma ya nyumba, kule kwenye tanuri la udongo ambako Mama anaoka chipa za kuuza. Nikanyata. Mama alikuwa amemaliza kufagia makaa kwa ufagio wa majani mabichi. Liz amekaa juu ya gogo, konokono kichwani. Mama anamshika mkono, anausogeza karibu na mdomo wa tanuri, taratibu, halafu anauvuta kwa ghafla.

"Haku!" anamwambia, kwa Kiguarani. "Haku, kipenzi! La moto hilo!"

Wanacheka wote wawili. Kisha tena. "Haku!" Mdomo wa Liz ukawa unajikunja kama wa bibi yake. Sauti haikutoka.

"Mama!" nikapaza. "Siku zote hizi nanyamazisha mtaa mzima, kumbe mwizi yuko jikoni!"

"Mwizi? Nimeiba nini?"

"Muda wa mwanangu! Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Unataka wamchukue?"

"Nimemwambia tanuri ni la moto. Ulitaka nimwache aungue kwa Kihispania?"

Isidro, aliyekuwa mlangoni na soksi moja mguuni, akacheka. Nilimtupia jicho akakumbuka kwamba anatafuta kofia.

Nikasema kuanzia leo Liz hakanyagi tena huku nyuma. Nikasema mengine pia, kwamba mtu ambaye hajui kuandika jina lake asimfundishe Mwalimu kazi. Hilo lilinitoka tu. Mama akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Sawa, Zunilda. Mdomo wangu nimeufunga."

15 Machi

Kweli kaufunga. Hata kuku hawasemeshi. Kuku wake kila mmoja ana jina la wifi yake, na kila asubuhi anawatukana kwa zamu. Leo kawamwagia mahindi na kuondoka. Kuku wenyewe wamebaki wameduwaa.

17 Machi

Saa ya terere, kinywaji chetu baridi cha majani, niliandaa mimi, kama kawaida, maji ya barafu na majani ya mnanaa niliyoyatwanga. Nikampa Mama kikombe cha kwanza. Akanywa, akanirudishia, akasema, "Asante."

Kikombe cha kwanza! Kwetu ukisema asante maana yake umetosheka, usiletewe tena. Mtu husema baada ya mzunguko wa tano, wa sita. Ukisema kwenye cha kwanza umemtema mwenye kumimina. Isidro akakohoa. Niliendelea kumimina kama sikusikia, lakini nilisikia.

20 Machi

Liz ameanza kumvua konokono. Anamng'oa kichwani, ananipa mkononi, anaenda kukaa na paka.

24 Machi

Amemvua tena, mara nyingi, sikuhesabu. Nikimrudishia anapiga kelele. Leo amemtupa chini ya kitanda. Siku zile za mwanzo alikuwa akiamka anaomba yeye mwenyewe, anagonga kichwa na kidole, niwekee. Sasa nini? Isidro anasema, "Labda hana cha kusikia. Nyumba yenyewe imekuwa kama kituo cha polisi. Mama haongei, wewe unafundisha, mimi naogopa kufungua mdomo."

Nikamwambia kama hana la kusaidia akapakie chipa zake kwenye pikipiki.

Mama naye anakonda. Kwa mbali namwona anamtazama mtoto, na mtoto anamtazama yeye. Nikitokea, mmoja anageukia sufuria na mwingine paka.

30 Machi

Upepo wa kaskazini siku ya nne. Ña Blasida anasema mvua ikija itakuja na mawe. Nimeota basi la kwenda Asunción, Liz dirishani, mimi chini. Neno hakuna.

2 Aprili, Jumapili ya Matawi

Nilibeba tawi la mtende nikaomba kitu kimoja tu. Neno moja kabla ya Jumanne ile. Lolote.

5 Aprili, Jumatano Kuu

Naandika na macho yamevimba. Niandike yote kwa mpangilio, maana Mwalimu atauliza.

Leo ni siku ya kuoka chipa za Juma Kuu, zitakazotuvusha Ijumaa ambayo moto hauwashwi. Siku hii kila mtoto anapewa donge lake la unga wa muhogo atengeneze mnyama wake, na mimi sikuwa na moyo wa kumnyima Liz. Nikamruhusu aende nyuma. Mama akamfunga kitambaa kichwani nywele zisiingie kwenye unga, akampa donge lake. Liz akaviringa konokono. Niliona, nikacheka, na Mama akacheka, ila bila sauti. Nikadhani siku itakuwa njema. Isidro alisaga jibini, Mama alikanda, mimi nilibeba. Anga lilikuwa limejaa weusi upande wa kusini.

Mkupuo wa kwanza ulitoka vizuri. Tanuri likaachwa wazi kidogo, mkupuo wa pili nikaufuata ndani ya nyumba. Yaliyotokea nikiwa ndani nimeambiwa baadaye. Liz aliinama juu ya beseni la maziwa na mayai, na konokono, aliyekuwa amelegea chini ya kitambaa, akadondoka humo. Mama akamwopoa. Akamfuta. Hakuniita. Akachukua kipande cha jani la mgomba, akamlaza juu yake, akaweka kwenye mdomo wa tanuri, pale pembeni penye joto la uvuguvugu, anapokaushia tumbaku na mbegu za mahindi tangu mimi sijazaliwa. Ndipo mvua ikashuka, na wanga wake ulikuwa umeanikwa uani. Yeye na Isidro wakakimbilia wanga.

Nikarudi mimi na chipa. Nikaona tanuri limeachwa wazi, joto linapotea bure. Nikasema moyoni, amenuna mpaka kazi inamshinda. Nikazisukuma chipa ndani kwa koleo refu la mti, na majani yaliyokuwa pale mlangoni nikayasukuma yote pamoja nazo. Nikaegemeza ubao, nikaubandika gunia lililolowa.

Liz akanishika sketi. Akavuta. Akanyoosha kidole kwenye ubao.

"Haku!"

Sauti nene, ya mtu asiyejisikia. Lakini neno kamili, kila herufi mahali pake. "Haku! Haku!"

Neno la kwanza la mwanangu, la kwanza kabisa, na ni la Mama. Si langu. Nimekesha naye kwa wiki nzima nzima za maji, mkate, mpira, paka, na yeye anachukua la mwizi! Nikapiga goti mbele yake, nikatanua midomo, nikamwambia kwa Kihispania: "*Caliente*. Sema *caliente*, Liz." Akatikisa kichwa akilia, akavuta sketi. "Haku!" Nami nikakaza: "*Caliente!*"

Mama akarudi na kapu la wanga, maji yanamchuruzika. Akaona ubao umefungwa. Akaachia kapu, akauvuta ubao kwa mikono mitupu.

Konokono alitoka na koleo, chini ya chipa. Ameyeyuka nusu, amenata kwenye jani.

Nilimfokea Mama maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia amemzika mwanangu. Alisimama kwenye mvua akipokea yote, viganja vyekundu, mdomo umefungwa.

6 Aprili, Alhamisi Kuu

Simu ya Mwalimu imezimwa. Hospitali inasema mpaka baada ya Pasaka, hakuna mtu. Liz anatembea nyumbani akigonga kichwa na kidole. Niwekee. Sasa ndiyo anamtaka! Namwonyesha mikono mitupu.

Nilikuwa bado namlaani Mama, nikimwambia Isidro kwamba mtu mzima mwenye akili hawezi kuweka kitu kama kile motoni. Isidro alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki. Hakuinuka.

"Aliweka mlangoni," akasema. "Nani alifunga mlango?"

"Mimi ningejuaje? Hakuna aliyeniambia!"

"Liz alikwambia."

Akaendelea na mnyororo wake. Afadhali angenizaba kofi.

Aliniambia. Miezi yote hii nasubiri neno, likaja, na halikuja kucheza. Lilikuja kuniambia konokono yuko motoni, mama, fungua. Kidole kilikuwa kwenye ubao. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na mimi nilipiga goti kumsahihisha lugha. Tena kumsahihisha mtoto ambaye wakati ule hasikii kitu, sikumwangalia hata kichwani. Nilisikia Kiguarani, sikusikia mwanangu.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sitaki pole.

7 Aprili, Ijumaa Kuu

Hakuna moto, hakuna ufagio, hakuna redio, hakuna kuinua sauti. Kijiji kizima kimenyamaza. Leo wote tumekuwa kama Liz. Yeye peke yake hakuona tofauti, alikula konokono wake wa chipa kuanzia mkiani.

Mama alikuwa ukumbini, viganja amevipaka mafuta na kuvifunga kitambaa. Nikakaa chini karibu na kiti chake. Nikaongea Kiguarani, polepole, maana nilikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akasahau njia ya kisimani.

"Mama, niwie radhi. Kwa juzi, na kwa lile la kuandika jina."

"Leo si siku ya kelele," akasema.

"Sipigi kelele."

Liz akaja akamlalia bibi yake magotini.

"Mimi nilipaswa kukuita," akasema. "Alipodondoka kwenye maziwa nilifungua mdomo. Nikakumbuka umeufunga wewe."

Nililia, bila sauti, kama siku yenyewe inavyotaka. Mama aliniacha nilie. Halafu akaniwekea kichwani mkono wake wenye kitambaa, ukakaa pale.

"Jumanne twende wote," nikamwambia.

"Nikafanye nini? Nikamwambie Mwalimu bei ya chipa?"

9 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka, nyama imeungua, Isidro kalewa. Nina hofu ya Jumanne.

11 Aprili

Tulitoka alfajiri. Mama alivaa gauni lake la mazishi, akabeba kapu la chipa za kuomba radhi na chupa ya mate, ile terere yetu inayonywewa moto. Ndani ya basi nilihesabu madaraja yote ninayoyajua mpaka Asunción.

Mwalimu alimtazama yule konokono aliyeyeyuka, akamgeuza, akanitazama. Nikamweleza yote, na ubao nani kaufunga. Hakunigombeza. Wana kifaa cha kuazima kwa watoto wanaosubiri kipya. Akakaa na kompyuta yake, akakipima, akakibandika kichwani mwa Liz. Akawasha.

Liz akakaza macho. Anasikia.

Ndipo kipimo kikaanza. Kwa Kihispania, sauti nzuri ya upole: mpira uko wapi? Nipe paka. Liz akatazama dirisha. Nionyeshe maji. Dirisha. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Mwalimu akaandika, akaandika tena, akavua miwani.

"Mama Liz, tangu Februari amesema neno lolote?"

Ningeweza kusema hapana. Lugha aliyoniagiza, hapana.

"Amesema. Mimi ndiye sikusikiliza." Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, zungumza naye."

Mama akaniangalia, akamwangalia Mwalimu, kama mtu aliyeambiwa avuke mto na daraja halionekani. Midomo ikacheza. Nikamshika goti. "Zungumza, Mama. Mimi ndiye nakuomba."

"Kipenzi," akasema kwa Kiguarani. "Konokono wako amerudi?"

Liz akageuka mwili mzima. Akagonga kichwa na kidole, akacheka mpaka fizi zikaonekana. Mama naye akafunguka, akamwuliza kuku wamelala wapi, paka kala nini, bibi ana mikono miwili au mitatu, na mtoto anaonyesha, anatikisa kichwa, anabisha. Mwalimu haelewi neno. Lakini kuelewa kwa mtoto kulimfikia, maana alisogeza kiti. Mama, jasho linamtoka, akafungua chupa, akajimiminia mate, akaweka kikombe mezani. Mwalimu, kwa heshima, akanyoosha mkono akipokee.

"Haku!"

Liz alikuwa amesimama, kiganja wazi mbele ya mkono wa Mwalimu. "Haku! Haku!"

Mwalimu akarudisha mkono haraka. "Amesema nini?"

"Amesema ni cha moto," nikasema. "Na ni cha moto kweli."

Mwalimu akafunga faili.

"Bweni tuliache."

"Na Kihispania?"

"Kitakuja, mpeni na hicho. Mimi nilifundishwa lugha moja, mama Liz. Hili la leo sikufundishwa." Akamega chipa, akamtazama Mama. "Mwambie bibi asinyamaze."

Nikatafsiri. Mama akasema mwambie chipa inaliwa na mate, asiogope, sasa kimepoa.

15 Aprili

Upepo wa kusini, baridi nzuri. Mama hajafunga mdomo tangu jogoo. Ametukana kuku wote, wifi mmoja mmoja, akawaomba msamaha kwa siku zile alizowaruka. Amemweleza Liz unga, moto, mvua, makosa ya Ña Blasida na ujana wa marehemu baba mkwe, mengine si ya kusikiwa na mtoto. Kichwa kinanipasuka. Mungu asimnyamazishe.

Saa ya terere nilimimina mimi. Mzunguko wa tano, wa sita, wa saba. Barafu imekwisha, maji yamepoteza ladha, na Mama bado ananirudishia kikombe ananyoosha mkono apewe tena.

Anachosikia: kila kitu. Anachosema: haku. Leo amemwambia paka.